Mzoga Niliokumbatia

Juzi, nyuma ya apatimenti yetu hapa mjini Hopkins, ughaibuni, niliona mnyama wa kijivu, mkubwa kama paka, mwenye mkia usio na manyoya kama wa panya akichakura takataka. Nikarudi nyuma, maana namjua.

Nilipokuwa mdogo tuliishi kwenye nyumba ya shamba nje ya mji wa Shakopee, katikati ya nyasi na mahindi, bila mtoto mwenzangu wa kucheza naye. Baba alikuwa kazini, Mama akilala baada ya shifti ya usiku. Mimi nilikuwa na mnyama kama huyo chini ya baraza. Nilimrushia vipande vya chapati, akala, nikamwita Kadogo.

Alasiri moja nilitambaa hadi alipokuwa, nikamkumbatia. Akalegea papo hapo, mdomo wazi, mate yakichuruzika. Nyuma yake ukatoka ute wa kijani ulionuka mzoga, ukanilowesha gauni hadi tumboni. Nilitapika, lakini sikumwachia.

Mama akatoka ameziba pua kwa leso.

"Wee! Weka chini huo uchafu!"

"Mama, Kadogo amekufa! Chapati yangu imemuua!"

"Weka chini, nimesema!"

Nikamlaza kwenye nyasi, nikalia. Baada ya kitambo sikio lake likatikisika. Akainuka, akaingia kwenye mahindi bila kugeuka. Nilirukaruka kwa furaha, nikamwambia Mama kwamba amefufuka kwa sababu nampenda.

Siku hizi najua kwamba wanyama wale huzimia hivyo, na kunuka hivyo, wakidhani wanauawa. Kadogo alikuwa ameniogopa mimi.