Spika ya Nje

Miaka ile ya tisini tukikaa mtaa wa Pipeline, kanisa letu lilikuwa chumba cha chini katika ghorofa tulimopanga. Kwa neema ya Mungu tulikuwa na amplifaya ya gitaa na spika mbili. Moja ilisimama kando ya mimbari. Ya pili pasta aliitundika nje, ielekee barabara, chini kidogo ya dirisha letu.

Kisha mke wangu akapatwa na presha. Daktari alimwagiza alale, asisumbuliwe na kelele. Jumapili gitaa likianza, vikombe vilitetemeka kabatini, naye alijifunika mto usoni. Kuhama hatukuweza. Nami nilikuwa mzee wa kanisa; ningesimama vipi kuomba Injili inyamazishwe?

Jumapili moja, katikati ya wimbo, nilitoka nikachomoa waya wa ile spika ya nje. Nilidhani ya ndani itaendelea. Zikanyamaza zote.

Mpiga gitaa akatoka mbio. "Mzee, umemfunga shetani ama umefunga kanisa?"

"Nataka hii tu inyamaze. Mama hajiwezi huko juu."

Akaacha kucheka. Akanieleza kuwa spika zile zimeungwa kwa kufuatana, umeme upite hii ndipo ufike ile.

"Basi unga ya ndani peke yake."

"Itaungua amplifaya, mzee. Spika hizi huvuta umeme sana. Zikifuatana zinazuiana kidogo. Moja ikibaki peke yake, itavuta mpaka tuone moshi."

Pasta naye alikuwa ametoka. Nikamwomba tuziingize zote ndani.

"Pole sana kwa mama, mzee wangu," akasema. "Lakini yule ndugu aliyeokoka juzi aliisikia hii akipita barabarani. Tumnyime mwingine?"

Ndugu yule nilimwekea mikono mimi mwenyewe, nikalia kwa furaha.

Waya ukarudishwa. Nikapanda ngazi, nikaketi kitandani, nikamziba mke wangu masikio kwa viganja vyangu.

"Rudi, watakutafuta," akasema.

"Wacha watafute."

Hakunisikia. Akanihimiza tena kwa macho, nami nikatikisa kichwa. Wimbo ulikuwa ukipanda kupitia miguu ya kitanda. Nikamshukuru Mungu kwa kunipa mikono mikubwa, nikakaa hivyo hivyo mpaka baraka za mwisho zilipotolewa kule chini.