Nilivyomla jogoo mzima peke yangu ukweni Ikola, nikadhani naheshimiwa

Wakuu, habari za mchana. Hili nimekaa nalo tangu mwaka jana, leo nalimwaga lote bila chumvi. Chekeni tu, mimi nimeshajicheka mpaka nimechoka.

Mimi ni Mkatoliki, Mpimbwe, nauza spea za pikipiki hapa Nsemulwa, Mpanda mjini. Mwenzangu, nimwite Z, ni Mwislamu wa Ikola, baba yake mfanyabiashara wa samaki kule ziwani. Tulipendana miaka miwili.

Huku kwetu Idi na Krismasi tunalishana pilau vizuri tu. Sasa taja ndoa uone! Mama yangu alishaapa nikioa Mwislamu yeye ukumbini hakanyagi.

Z akaniambia, "Njoo nyumbani, baba anataka kukuona. Akikuuliza dini sema ukweli, basi." Nikaitikia kwa confidence zote.

Nimefika, mzee kanipa salamu ya Kiislamu. Nikaitikia yote mpaka wabarakatuh. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye basi, eti kwa heshima.

"Pale Mpanda unaswali wapi?"

"Pale pale mtaani, mzee wangu."

Z alikuwa mlangoni na maji ya kunywa. Akaniangalia, nikakwepa macho.

Mzee kainuka, katoka uani. Halafu akaleta jogoo na kisu. "Haya mwanangu, tuchinjie."

Hapo mwenye akili angesema. Mwislamu hali kilichochinjwa na Mkristo, hata sisi kwenye sherehe zetu tunamwita Mwislamu achinje ili wageni wote wale. Hilo nalijua tangu utotoni. Ila woga wakuu, woga mbaya! Nikamgeuza jogoo kibla kwa kubahatisha (baadaye niligundua nilimwelekeza Kongo), nikasema Bismillah, nikachinja.

Chakula kikaja. Mimi kuku, wenyewe ugali na samaki wao wa ziwani, migebuka.

Nikauliza, "Mbona nyie hamli kuku?"

Mama yake akasema, "Mgeni ni wewe, baba. Kula."

Nikala. Mapaja yote mawili, firigisi, mpaka shingo. Moyoni nasema hapa nimepita, huyu ndiye mkwe.

Z akanisindikiza stendi. Nimeshakaa dirishani, ndipo akaongea.

"Baba anajua wewe Mkristo tangu kabla ya mfungo. Nilimwambia mwenyewe. Tukagombana, nikalia, mwisho akakubali, akasema mlete nisikie kwa mdomo wake. Nikamwambia wewe siyo muongo."

Nikainuka nishuke.

"Usishuke," akasema.

Wiki iliyofuata nikampigia mzee kuomba radhi. Hakufoka, bora angefoka. "Mwanangu, Mkristo nilishaanza kumzoea. Wewe sasa nitakuzoeaje?"

Z ameolewa mwezi uliopita. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilichojifunza: nilikuwa nimeshaandaa lawama za kutosha, za mama, za wazee, za jamii nzima. Jamii kweli ina matatizo yake, lakini siku ile haikuniuliza kitu. Aliniuliza mzee mmoja, kwa upole, na binti yake alikuwa ameshapigana vita vyote. Mimi nilibakiziwa kusema neno moja tu.

Mliooana dini tofauti humu, ile siku ya kwanza ukweni mlisemaje? Na wa kunitukana karibuni pia, leo sina cha kujitetea.