Mama Pozi na doa la angani lililogoma kufutika

Saa kumi na moja jioni, na mteja wa mwisho wa Mama Pozi hataki kabisa kukaa pozi. Ana miezi saba, amevishwa shati la kola, na kila akiketishwa kwenye kiti cha kuzunguka anaporomoka upande kama gunia lililopungua. Mama yake amejificha nyuma ya pazia jeupe, mikono tu ikimshika kiunoni.

"Baba, hapa! Nitazame hapa, baba!" Mama Pozi anapiga makofi, anatoa ulimi, anatikisa funguo. Mtoto anamkodolea macho kwa nusu sekunde. Kacha! Picha imepatikana.

"Huyu hatulii hata umlipe mshahara," anasema mama mtu, akimfuta udenda. "Nije lini kuzichukua?"

"Keshokutwa asubuhi, dada. Zitakuwa tayari."

Studio ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ukutani kuna kioo, na pembeni yake kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vitatu vya kwanza viliondoka na wateja. Kwenye msumari limetundikwa koti jeusi la suti, kwa ajili ya wale wanaokuja kupiga picha ya pasipoti wakiwa na fulana. Koti hilo limeingia kwenye vitambulisho vya nusu ya mtaa, na Mama Pozi anasema limesafiri nchi nyingi kuliko yeye.

Mbele kuna dirisha la kioo, na hapo ndipo penye kisa. Ndani yake zimepangwa picha sita kubwa: maharusi, mahafali, mapacha waliovalishwa sare. Zote zilipigwa na baba yake, mwenye studio, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Tulia kwa sababu ya neno alilowafokea wateja kwa miaka arobaini. Miguu imemchosha, kamera amemwachia binti. Ufunguo wa dirisha hajauacha. Anauvaa shingoni.

Mama Pozi ameshika kamera hapa kwa miaka kumi na minane, na hakuna hata picha yake moja iliyowahi kuwekwa mle.

"Inaniuma, nisikudanganye," ananiambia mimi mwandishi, akikunja pazia. "Asubuhi nikija kufungua, naangalia upande wa pili wa barabara ili nisilione."

Biashara nayo si kama zamani. Jumamosi moja ilikuwa ikileta familia thelathini, zimenyooka kwa pasi na kunukia sabuni. Siku hizi zikija tatu anashukuru. Simu zimekula kazi, na zilichobakiza ni pasipoti na watoto wasiotulia.

Saa moja na nusu usiku anafunga mlango, anabeba kamera na stendi yake ya miguu mitatu, anapanda ngazi hadi kwenye paa la zege, panapoanikwa nguo. Giza limeshaingia. Anasogeza shuka za watu kwa heshima zote, anapanga stendi, anaelekeza lenzi juu.

Hana darubini. Hajawahi hata kuishika. Ana kamera ile ile anayopigia pasipoti, na lenzi pana anayotumia harusini pale ukoo mzima unapotaka kuingia kwenye picha moja.

Ilianza jioni moja umeme ulipokatika. Alikuwa amerudi kwenye harusi, kamera ikining'inia shingoni, akapanda kuanua nguo. Akatazama juu. "Nikasema, lahaula! Kumbe haya yote yako hapa na mimi nalala chini yake? Nikapiga picha hapo hapo."

Ikatoka nyeusi tii.

Aliyemcheka zaidi ni mumewe, fundi umeme, ambaye riziki yake ni kufunga taa za ulinzi. "Mimi mchana kutwa naweka taa, usiku mke wangu anaomba zizimwe," anasema yeye mwenyewe, akiwa ameegemea tangi la maji. "Sasa hapa tutajenga kweli?" Lakini ndiye aliyekata bati na kuifunika kama kofia ile taa kali ya ukuta wa jirani, mwanga ukaanguka chini kwenye geti badala ya kutapakaa angani. Jirani alikubali, kwa sharti kwamba apigwe picha ya bure na pikipiki yake.

Makosa ya mwanzo Mama Pozi anayasimulia bila haya. Aliiachia kamera ijitafutie fokasi yenyewe, ikahangaika gizani kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. Sasa anaizungusha kwa mkono, akilenga nyota moja kali mpaka iwe nukta. Alikuwa akibonyeza kwa kidole, kamera ikatikisika. Sasa anaiwekea saa ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili, naye anarudi nyuma.

Kisha akataka makubwa. Akaiacha kamera wazi kwa dakika nzima ili inywe mwanga. Nyota zikatoka zimerefuka kama mistari, kwa sababu dunia inazunguka. "Nikacheka peke yangu. Miaka yote nagombana na watu wakae pozi, kumbe hata mimi niliyesimama hapa siko pozi!" Akapunguza hadi sekunde kumi na tano, na hapo nyota zikatulia.

Ndipo likaja lile doa.

Lilikuwa dogo, jeupe, limefifia, kama mtu kagusa lenzi kwa kidole chenye mafuta. Mama Pozi hakufikiri mara mbili. Tangu utotoni baba yake alimfundisha kusafisha picha, enzi hizo kwa brashi yenye nywele tatu: chunusi, kovu, punje ya wali kwenye kola. Mteja asirudi nyumbani na doa. Kwa hiyo alilifuta kwenye kompyuta. Picha iliyofuata, likarudi. Akalifuta tena. La tatu vile vile.

"Mkono ulifuta wenyewe," anasema. "Halafu nikashikwa na hofu. Nikajua lenzi imeingia ukungu, na lenzi ikifa, na mimi nimekwisha."

Fundi wa kamera aliikagua, akamrudishia akisema haina tatizo lolote. Jioni ile alielekeza angani simu yenye ramani ya nyota, pale pale penye doa. Simu ikamwandikia kuwa ni kundi la nyota nje kabisa ya kundi letu, mabilioni kwa mabilioni, na mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka milioni mbili kufika.

"Nilikaa chini, hapo kwenye beseni la nguo. Umetoka mbali kiasi hicho, unafika kwangu, mimi nakufuta!"

Baba yake hakuambiwa. Alikwishasema lake tangu picha za kwanza: "Hizo nyota zitakuja lini kuchukua picha zao?" Kwake, picha isiyo na mtu ni ukuta.

Lakini asubuhi baada ya usiku huu wa paani, Mama Pozi anaamua kumwonyesha. Mzee Tulia yuko kwenye benchi la mlangoni, kioo cha kukuzia mkononi, akikagua kazi kama kawaida yake. Binti anamwekea magotini picha moja kubwa ya anga.

Mzee anainama. Haichukui muda. "Hujasafisha lenzi."

"Nimesafisha, Baba."

"Basi hujasafisha picha. Doa hili hapa! Nimekufundisha nini mimi?"

Binti anaweka ya pili, ya tatu, ya nne, za jioni tofauti. Mzee anasogeza kioo kutoka moja hadi nyingine. Kwenye ya kwanza doa liko pembeni kushoto. Kwenye ya pili liko katikati. Kwenye nyingine liko chini kabisa. Anarudia tena, polepole, kidole kikigusa karatasi.

"Uchafu wa lenzi hauhami," anasema hatimaye. "Upige picha mfalme, upige mbuzi, unakaa pale pale. Hili linafuatana na hii nyota."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo liko huko huko juu."

"Liko huko huko juu."

Binti anamweleza. Mzee anasikiliza hadi mwisho, kisha anauliza amelifuta mara ngapi. Tatu, anajibiwa. Anacheka mpaka anakohoa, kisha ananigeukia mimi, macho yamelowa. "Mwandishi, andika hivi. Kufuta nilimfundisha mimi. Kutofuta amejifunza mwenyewe, na hapo amenipita."

Mama Pozi anageuka ukutani, anajidai kunyoosha kioo.

"Ila dirisha langu ni la watu," mzee anaongeza, hajasahau. "Mtu yuko wapi?"

Binti ameshafika kwenye msumari. Anarudi na lile koti jeusi. "Vaa usiku wa leo, Baba."

Saa mbili usiku, fundi umeme anamshika mkwewe kiwiko, ngazi moja baada ya nyingine. Kiti cha kuzunguka kimetangulia juu. Mzee anaketi, anafunga kifungo cha koti, anainua kidevu kama alivyowainulia wengine maelfu.

"Sekunde kumi na tano, Baba. Usitikisike."

"Unamwambia nani?"

Kamera inafunguka. Mkwe anammulika kwa tochi ya simu, kufumba na kufumbua, kisha giza. Sekunde ya saba bega linacheza kidogo, na Mama Pozi, kwa sauti iliyofika hadi getini kwa jirani, anapaza: "Tulia!"

Chini mtu anaangua kicheko. Mzee hapepesi hata jicho.

Kunapopambazuka mzee anavua ufunguo shingoni, anafungua dirisha mwenyewe. Anatoa picha ya katikati, ile ya bibi harusi aliyoringia miaka yote, na mahali pake anajiweka yeye mwenyewe, ameketi wima chini ya anga lote. Safari hii Mama Pozi anavuka barabara ili alitazame vizuri, na anasimama kule ng'ambo muda mrefu, mikono kiunoni.

"Mtaa huu wote nitaupandisha pale juu," anasema akirudi. "Familia moja moja, kila usiku usio na mwezi. Hiyo simu zao hazitawapa kirahisi."

Wa kwanza kuomba ni mama wa yule mtoto wa miezi saba, aliyekuja kuchukua picha zake za pasipoti.

"Ila sekunde kumi na tano, dada? Huyu?"

"Mlete amelala."

Mama anacheka, anamhamishia mtoto begani, anasogeza uso karibu na kioo. "Imependeza kweli. Ila hapa juu ya bega la mzee, kuna doa."

Mama Pozi anafungua mdomo, lakini amechelewa. Kwenye benchi, Mzee Tulia ameshasimama, kioo cha kukuzia mkononi.

"Sogea hapa, mama," anasema, kifua mbele. "Nikuonyeshe alichokiona binti yangu."