Asumini ya Kisutu Hadi London

Siku yangu ya kwanza kazini, Bi Zuhura binti Mshamu alininyang'anya sindano. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye meza ya maua pale Kariakoo, nami nilikwenda kujifunza kutunga.

"Kwanza chambua, mwanangu. Sindano haina haraka."

Nikachambua: tumba, yaani ua ambalo bado halijafunguka, huku, lililokwisha funguka, kule. Asumini hutungwa ingali tumba, ifungukie mwilini mwa mvaaji. Mwanaidi Salehe wa Ilala, tuliyekaa naye mkeka mmoja, akaninong'oneza, "Mimi nimechambua mpaka nimeota asumini. Usilie."

Nilipofuzu vikuba, vile vishada vya kubandika kifuani, nikapelekwa meza yake ya pili, ya Kisutu, kutunga makoja ya shingoni kwa harusi za Wahindi. Lakini sheria ya Bi Zuhura ilinifuata huko huko: fundo la mwisho la kila koja alifunga yeye. Koja likikatika ukumbini, alisema, anayetajwa ni aliyefunga. Vijana mnaonisoma, mimi nililitaka fundo lile kuliko mshahara.

Siku moja akaja Mama Hansa, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Binti yake alikuwa anaolewa London.

"Nataka makoja mawili, la Hansa na la mumewe. Kasema bila asumini ya Kisutu hatoki chumbani."

Bi Zuhura akacheka. "Mama Hansa, huko ni kilomita elfu saba na zaidi. Maua yangu mwisho wake Magomeni."

"Ndege inakimbia, Bi Zuhura. Saa tano na kitu mpaka Dubai, saba hivi mpaka London. Basi."

"Na Dubai mnashuka na kupanda papo hapo?" nikauliza.

"Ah, tunangoja kidogo."

"Kidogo ya dukani kwako, ukimwambia mteja mzigo uko njiani?"

Akacheka mpaka akashika meza. Kidogo yake ilikuwa karibu usiku kucha. Na asumini ya asubuhi hufunguka jioni ile ile. Ingefungukia juu ya mawingu, ifike London imegeuka kahawia.

Bi Zuhura akakataa. Nikamwomba aniachie.

"Haya. Ila fundo funga mwenyewe. Yakiharibika, yaharibike kwa jina lako."

Nikachagua matumba magumu ya alfajiri. Uzi nikaulegeza, maana tumba huvimba, na likibanwa hunyauka. Nikafunga mwenyewe fundo la kila koja, nikayaviringisha kwa kitambaa kibichi, juu yake jani la mgomba, nikayalaza kwenye kasha la barafu. Baridi hulichelewesha ua.

"Dubai usifungue, hata ukitamani kunusa," nikamwambia Mama Hansa. "Ukifika, yatoe, yaweke penye joto, kisha yaache."

Kesho yake jioni simu ya Bi Zuhura ikalia, ya kuonana kwa picha. Hansa na mumewe wamekaa, makoja shingoni, meupe, yamefunguka yote. Mama Hansa analia na kucheka. Bi Zuhura akaisogeza simu karibu na macho. Hakuwa akimtazama bibi harusi.

"Fundo limekaa," akasema.

Tangu hapo hakunifungia tena.

Sasa macho hayaoni tundu la sindano, nimepumzika. Wajukuu huniuliza kama niliwahi kupanda ndege. Sijawahi, uwanjani huenda kusindikiza tu. Ila fundo langu lilishuka London, wala halikulegea.