Siku Niliyoitwa Mwalimu Mwalimu

Nianze kwa kukubali kwamba niliaibika, tena mbele ya walimu watupu, na wa kulaumiwa ni mimi na miguu yangu iliyokuwa imechoka. Naandika polepole kwa sababu niliishia darasa la saba na mkono haujazoea, halafu kila nikikumbuka ile karatasi kubwa ya ukutani naona aibu upya na kuweka kalamu chini.

Jina langu ni Mwalimu. Sio kazi, ni jina. Mama alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda zahanati, huko kwetu Ilula, nikazaliwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, na wazazi wakaona hiyo ndiyo namna ya kumshukuru (hawakuwaza kwamba siku moja nitakaa katikati ya walimu wa kweli).

Likizo ya mwezi wa sita shangazi yangu anayeishi Mbalizi alipata kazi ya kuwapikia walimu waliokuja kwenye mafunzo ya mtaala mpya, katika shule moja ya hapo. Walitoka wilaya tofauti tofauti, wanafundishwa namna ya kufundisha, asubuhi mpaka jioni. Shangazi akaniita nimsaidie. Alikuwa ameitafuta kazi hiyo muda mrefu, na mwalimu mkuu wa shule hiyo alimwambia wazi kwamba kuna mama mwingine anaitaka, na chakula cha mchana kikiharibika hata mara moja, kazi inahamia kwake.

Siku yenyewe tuliamka ukungu umekaa chini kabisa, mikono inauma kwa baridi, nikachota maji, nikapasua kuni, nikakanda unga wa maandazi, nikabeba chupa za chai, na ilipofika saa nne nilikuwa nimechoka kama mtu aliyemaliza siku nzima. Shangazi akachukua kikapu aende sokoni kutafuta kabichi.

"Mwalimu, maharage haya ni ya mwaka jana, yanakunywa maji sana. Usiyaache."

"Sawa shangazi."

Na sikuwa na nia ya kuyaacha. Niliongeza maji, nikasukuma kuni ndani, nikaenda darasani kuchukua vikombe tu. Lakini mle darasani kulikuwa na joto la watu, na kule nyuma kulikuwa na kiti kitupu karibu na mama mmoja aliyejifunga blanketi, mwalimu kutoka Rujewa. Nikakaa. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, pale nilipokaa.

Yule mama akaninong'oneza, "Pumzika mwanangu. Mimi mpunga wangu uko shambani, ng'ombe za watu zinaumaliza, na mimi niko huku nachora maduara."

Nilikuwa naanza kusinzia niliposikia mwezeshaji, yule mtaalamu aliyekuwa anaongoza mafunzo, akisema, "Wewe kijana wa nyuma, mwenye sweta la kijani. Sauti yako hatujaisikia. Unaitwa nani?"

Nikasimama. "Mwalimu."

Walimu wakacheka. Mwezeshaji naye akacheka kwa upole. "Hapa wote ni walimu. Mwalimu nani?"

"Mwalimu Kalinga."

"Unatokea wapi?"

"Ilula."

"Darasa la ngapi?"

"La saba," nikasema, kwa maana ndipo nilipoishia.

"Safi. Wa darasa la saba ni watu wazoefu. Njoo mbele utuoneshe somo."

(Angalieni, hakuna hata neno moja la uongo nililosema. Mpaka leo huwa nawaambia watu hivyo, hawanisaidii.)

Nikasema, "Samahani, mimi sio," lakini walikuwa wameshaanza kupiga makofi, na mimi sauti yangu ni ndogo, makofi yakaifunika. Nikajikuta mbele, mwezeshaji ananibandika kipande cha karatasi ya gundi kifuani, ameandika "Mwl. Mwalimu Kalinga", bila shaka akiamini ndivyo nilivyopenda kuitwa. Akanipa kalamu nene. Somo lilikuwa sayansi, milango ya fahamu, na wale walimu wote wajifanye watoto wa darasa la tatu.

Niliandika kwenye ile karatasi kubwa herufi moja moja, jasho linanitoka na baridi ile, kumbe nimeandika "milago ya fahamu".

"Mwalimu, umeruka n," akasema mzee mmoja mwenye mvi.

"Mwalimu, huyu amenifinya," akasema mwingine.

"Mwalimu, naomba kwenda chooni."

Watu waliochoka wakipata nafasi ya kucheka hawaiachii. Mimi nimesimama tu, naangalia viatu. Ndipo nikaisikia ile harufu. Nikasahau aibu.

"Maharage yanaungua," nikasema.

Mwezeshaji akainua mkono kuwanyamazisha wote. "Mmeona? Anatumia mazingira halisi. Endelea, mwalimu. Watoto, tunasikia harufu gani?"

"Harufu ya maharage yanayoungua, mwalimu," wakaitikia wote kwa pamoja.

"Na tunatumia mlango gani wa fahamu?"

"Pua."

"Naomba nitoke," nikasema.

"Umalizie kwanza," akasema mwezeshaji, "unaenda vizuri sana."

Mlango ukafunguliwa. Shangazi amesimama, kabichi mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, moshi unamfuata nyuma.

"Mwalimu," akaita.

"Naam," likaitika darasa zima.

"Sio ninyi," akasema shangazi taratibu. "Huyo."

Mwalimu mkuu alifika, akaangalia sufuria, akamwangalia shangazi, na nikaona shangazi anaanza kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya. Nikajilazimisha kusema kwa sauti, "Nimeyaacha mimi. Shangazi hakuwepo." Mwezeshaji naye akasema amenishikilia yeye, akawa anafuta miwani asinitazame. Mwalimu mkuu akasema amesikia. Siku hiyo wakala ugali na kabichi, na yale maharage ya juu yenye ladha ya moshi, na kesho yake chakula cha mchana kikaenda kwa yule mama mwingine. Sisi tukabakiwa na chai.

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Sugua sufuria hilo," akaenda kukaa kwenye gogo la kuni.

Nilikuwa nasugua kwa majivu na mchanga, jioni imeshaingia, yule mama wa Rujewa alipopita na blanketi lake. Akasimama, akaniangalia kifuani, nami nikaangalia, kumbe ile karatasi ya jina bado imebandikwa pale.

"Mwalimu Mwalimu," akasema, "hiyo ndiyo kazi ya nyumbani."

Shangazi pale kwenye gogo akacheka kidogo, na hicho ndicho kitu pekee nilichokipata siku ile.

Siku hizi nikiulizwa jina nasema Kalinga. Na siku zote zilizobaki za mafunzo yale nilipeleka chai nikiwa nimesimama, nikasubiri vikombe nikiwa nimesimama, miguu inauma, na kile kiti cha nyuma kikiwa kitupu vilevile.