Riwaya ya Kirusi Iliyofungia Mandazi

Juzi nilirudi Makongeni kwenye ibada ya kumuaga marehemu kabla hajasafirishwa kwao kuzikwa, nikakaa chini ya hema nikisikiliza uongo. Marehemu ni baba wa rafiki yangu wa utotoni. Katibu wa kamati ya mazishi aliposoma kwamba mzee alipenda elimu kuliko chakula, watu walitikisa vichwa kukubali, na mimi nikauma meno. Najua si vizuri kumkasirikia mtu ambaye hajazikwa. Lakini hebu nikueleze, kisha uniambie kama wewe ungenyamaza.

Tulikulia kwenye zile nyumba za reli, familia nzima chumba kimoja, ukuta mmoja kati yetu na wao. Mama yake rafiki yangu alikaanga mandazi kabla hapajapambazuka, na harufu ya iliki ndiyo iliyoniamsha kila siku. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuteka maji kwenye mfereji wa wote, na kwa kuwa foleni haikuisha, tulisoma. Tulisoma chochote, gazeti la juzi, hata maelezo ya pakiti ya dawa ya panya. Mwenzangu alinishinda. Alisukuma jerikeni kwa mguu bila kuinua macho kwenye ukurasa, na ole wako umguse.

Siku moja shosho, nyanya yangu aliyekuwa akifagia ofisi fulani mjini, akaniletea riwaya nene ya Kirusi, ya tafsiri ya Kiingereza, iliyokuwa imetupwa. Nilipambana nayo likizo nzima. Watu wa mle walikuwa na majina matatu matatu, jambo ambalo nasikia huwachosha wasomaji wengi, lakini mtoto wa Makongeni atatishwaje na hilo? Hata sisi kila mtu alikuwa na jina la kanisani, la kwao na la mtaani, na ulijua nani anakuita kwa lipi. Warusi hao walikunywa chai kutwa kama sisi, na wazee wao waligombana mlango ukiwa wazi ili majirani wasikose. Nilipomaliza nilihisi nitapasuka nisipopata wa kuongea naye. Basi nikampa rafiki yangu. Sikumwazima, nilimpa kabisa, na nikaandika jina lake ndani. Alikipokea kile kitabu kwa mikono miwili, hata asante akasahau kusema.

Alikuwa amefika katikati baba yake alipomkuta akisoma badala ya kurudia hesabu. Nilisikia kila neno kupitia ule ukuta.

"Kwani mtihani utauliza mambo ya Warusi?"

Rafiki yangu alisema ni zawadi. Akajibiwa kwamba zawadi hupewa mtu aliyepita mtihani. Asubuhi kitabu kilikuwa kwenye meza ya mandazi, jalada limeng'olewa, na mama yake akichana ukurasa mmoja baada ya mwingine bila kunitazama. Mteja mmoja aliisifu karatasi ile kwamba inafyonza mafuta vizuri.

Tulizunguka mtaa tukiomba kurasa, na watu wazima walitucheka. Wengine walituuliza kama tumeanza kula karatasi. Tuliambulia chache, zimelowa mafuta hadi maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Rafiki yangu alizipanga kitandani, akaona hazishikani, akazikusanya, akazirudisha mezani mwenyewe na kumsaidia mama yake kufungia wateja. Tangu siku hiyo sikumwona tena na kitabu ambacho si cha shule.

Karo mzee alilipa, sikatai. Alivaa koti moja miaka na miaka ili mtoto asifukuzwe shule, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana hasira yangu inakosa pa kutua. Alipenda cheti. Kitabu chenyewe alikiona mchezo, na mtaa mzima ulikubaliana naye, walimu wetu wakiwemo. Siku hizi wenzangu wa zamani huniuliza kama sioni uchungu vile nyumba zetu zinabomolewa na kuisha. Zikiisha ziishe. Mimi namlilia yule msichana wa kwenye foleni ya maji, ambaye hakuna aliyemfanyia matanga.

Nilikuwa nimebeba nakala mpya ya riwaya ile kwenye mkoba. Ibada ilipokwisha nilimkuta rafiki yangu nyuma ya nyumba, anasimamia sufuria la chai ya wageni, nikampa. Alipangusa mikono kwenye leso, akaigeuza geuza ile nakala, akaitazama mgongoni.

"Niambie tu iliisha aje," akasema. "Mimi hizi siwezani nazo tena."

Nikamwambia, nimesimama pale kando ya moto. Riwaya nzima iliisha kabla maziwa hayajachemka. Akasema kumbe ni hivyo, akanirudishia kitabu changu, akainama kuhesabu vikombe.