Mbegu Ndani ya Pete ya Mama

Harufu ya ndimu na majivu hunirudisha Kasongo, barazani kwetu, mama akisugua pete yake ya fedha. Ilikuwa pete nene ya kizamani aliyoachiwa na bibi zake. Ukiibonyeza ubavuni, uso wake ulifunguka, na ndani mlikuwa na kishimo. Bibi zake walitia manukato humo. Mama alikuwa mkulima, akawacheka: manukato hayapikwi! Yeye alitia mbegu za lengalenga, mboga yetu ya kila siku, mbegu ndogo kama mchanga. Akiba haiozi, alisema.

Msimu mmoja vita vilitutoa mjini. Tulikwenda Kabambare kwa miguu, mama na mimi, na njia nzima sikunyamaza. Nilikuwa mtoto wa maneno, ole wake aliyenisalimu! Tulipokaribia kufika tuliona bariyeri, kamba iliyokata njia. Wenye bunduki walikuwa wakikung'uta kila kifurushi, wakifungua hata vitambaa vya kichwa na kuwavua watu pete. Mama akafungua yake upesi, akanimwagia mbegu chini ya ulimi. "Usimeze. Usiseme hata neno."

Pete ilichukuliwa papo hapo. Kisha mmoja wao akaniinamia. "We mutoto, jina lako nani?" Nikamkodolea macho. Mate yalinijaa, koo likaniwasha. "Nasema na wewe!" Mama akajibu, "Iko bubu, tangu kuzaliwa." Bubu, mimi! Jamani, hasira niliyokuwa nayo! Nilibana meno, nikamtazama yule mtu mpaka akachoka, akatupungia mkono tupite.

Mbegu ikishalowa haingoji. Kabla hata ya kupata pa kulala, mama aliomba kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya watu tusiowajua, akanitemesha kiganjani mwake, akapanda. Majani yale tuliyala, mengine tukayauza, tukaishi. Wenyeji walipomwonea huruma kwa ajili ya pete, aliwashukuru, akaendelea kupalilia.

Siku hizi pete za namna ile zinauzwa tena sokoni, nyepesi, zinang'aa, na wasichana hutia humo wanachopenda. Vita vile vilipita, lakini bariyeri hazijaisha. Nikiwa juu ya pikipiki kwenda Salamabila kwa biashara yangu, kijana hunisimamisha na kuniuliza jina. Nalitaja kwa sauti, langu, la mama, na ya bibi zake wote, polepole, naye hungoja mpaka nimalize.